Vikombe Vitoke Kabatini

Karibu kila sebule ya mjini kwetu ina kabati la vioo, na ndani ya kabati hilo vimo vyombo vya wageni. Vikombe vyenye maua ya waridi na ukingo wa dhahabu, bilauri ndefu, birika la kauri, sahani alizotunzwa mama siku ya harusi yake. Ijumaa au Jumapili vinafutwa vumbi na kurudishwa mahali pake. Wenye nyumba wanakunywa chai kwenye vikombe vya plastiki. Mgeni mwenye hadhi ya kutolewa seti ile haji, au anakuja mara moja kwa mwaka, na baba na mama wanazeeka bila kuonja chai kwenye vikombe vyao wenyewe.

Naandika kuomba vikombe hivyo vitoke. Naomba na mengine yanayoandamana navyo: tununue vya zamani huku tukijua tunachonunua, tuvitengeneze vikiharibika, tuoke mikate nyumbani, tuwaite majirani waje tule nao. Ni ombi la mambo ya ndani ya nyumba, lakini nalileta hadharani kwa sababu mtaa ni nyumba zake. Mtaa ambao watu hawaingiliani kwa chai ndio huohuo ambao mtu anaumwa siku tatu na mwenzake wa ukuta wa pili hana habari.

Kupenda vyombo vizuri si jambo geni kwetu. Nenda Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ukayaone makaburi ya nguzo ya wenyeji wa karne zilizopita. Kwenye nguzo zile walipachika mabakuli na sahani za kauri kutoka China. Nenda Lamu, kwenye nyumba za mawe, uone zidaka zilivyochongwa ukutani kwa chokaa, safu juu ya safu, na humo ndimo vilimopangwa vyombo vilivyovuka bahari kwa jahazi. Watu wale walijua raha ya kuinua macho na kukutana na kitu kizuri nyumbani mwao, na walitaka kila aingiaye akione.

Siku hizi vitu vya namna hiyo tunavipata kwa wauza mitumba. Mchikichini pale Ilala, soko ambalo wengi tunaliita Karume, watu huenda kutafuta mashati na magauni. Ni vivyo hivyo Kongowea kule Mombasa, na Gikomba na Toi jijini Nairobi. Lakini ukivipita vichanja vya nguo utafika kwenye mashuka, mapazia mazito, mablanketi ya sufu na vitambaa vya meza vilivyofumwa kwa mkono na mtu usiyemjua, katika nchi usiyowahi kufika. Na chini kabisa, juu ya turubai, utakuta vyombo: sahani pweke zilizopotezana na seti zake, jagi la maziwa, bakuli za bati nyeupe zenye ukingo wa buluu. Hapo ndipo ninapopenda kuinama.

Kuchagua ni ujuzi, na inafaa tufundishane. Kiweke kikombe juu ya ncha za vidole vya mkono mmoja, kisha kigonge taratibu kwa ukucha wa mkono wa pili. Kilicho kizima kinalia, na mlio unakaa kidogo sikioni. Chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa, hata kama ufa wenyewe huuoni. Ukimaliza kigeuze, usome mhuri wa chini. Mwaka 1890 Marekani ilitunga sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa zinazoingia nchini humo zionyeshe zilikotoka, na tangu hapo viwanda vingi vya Ulaya vikawa vinapiga jina la nchi chini ya vyombo vyao. Kikombe chenye neno England, basi, mara nyingi ni cha baada ya hapo. Ukibahatika kukuta kilichoandikwa Made in Occupied Japan, umeshika chombo cha miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili, Japani ilipokuwa chini ya majeshi ya kigeni, hali iliyokoma mwaka 1952. Kisahani cha bei ya andazi kinaweza kuwa na historia ndefu kiasi hicho, na mtoto wako akijua kuisoma hatasahau somo hilo.

Shuka nalo linunuliwe kwa macho na kwa vidole. Liinue kwenye mwanga uangalie katikati, mahali pa kulalia, maana ndipo linapoanza kuisha. Ukitaka kujua kama ni pamba halisi, mwombe muuzaji akuruhusu uchomoe uzi mmoja pembeni, uuchome. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa plastiki unayeyuka na kuganda kijidonge kigumu. Pamba nzito ya zamani, ikishafuliwa kwa maji ya moto, ikaanikwa juani na kupigwa pasi, inalalika vizuri kuliko shuka nyingi mpya za maduka yetu. Nasema hivyo nikijua watakaokasirika.

Tahadhari mbili kabla sijasahau. Sahani za zamani sana zenye rangi zinazochubuka zisitumiwe kwa chakula, hasa chenye ndimu au siki, kwa kuwa baadhi ya rangi na vipako vya kung'arisha kauri vya zamani vilikuwa na madini ya risasi. Zitundike ukutani, zitapendeza. Na kitu chochote cha zamani kinachotumia umeme kipite kwanza kwa fundi aangalie nyaya.

Najua wapo watakaoniuliza: mbona unashabikia mitumba wakati viwanda vyetu vya nguo vimekufa? Swali hilo ni la haki na sitalikwepa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kuisimamishia Rwanda nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Sisi wanunuzi hatukuulizwa, lakini kila tunapotoa pesa tunapiga kura yetu. Ninachoomba ni kununua kidogo na kukaa nacho muda mrefu. Shuka moja zuri litakalodumu miaka kumi haliwezi kuhesabiwa pamoja na rundo la fulana za kuvaa mwezi mmoja na kutupa. Marundo hayo ndiyo yanayoziba mitaro yetu. Kwa hayo niko upande wa wanaolalamika.

Tena vya zamani si vya Ulaya peke yake. Kitenge cha Urafiki, kiwanda kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, bado kimo kwenye masanduku ya mama zetu, na rangi zake hazijapauka. Kanga zenye herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla zinatoka kwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara iliyoanza mwaka 1887. Ukikuta kanga kuukuu ya namna hiyo leo, usiifanye dekio. Sehemu iliyo nzima inatoa foronya mbili na kipande cha kufunikia mkate. Sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, mbuzi ya kukunia nazi iliyong'aa kwa kukaliwa, ungo, kinu cha mkorosho: hivi vyote vinauzwa leo kwa bei ya kutupa na watoto wanaohamisha vitu vya marehemu, kisha wanakwenda kununua viti vya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Viti vile vikilowa vinavimba na kumomonyoka. Kiti cha mninga kikilegea miguu kinahitaji fundi seremala, gundi na nusu siku.

Na kitu cha zamani ninachokitetea kuliko vyote ni cherehani ya miguu. Haitaki umeme, vipuri vyake vinapatikana, na anayeijua yuko mtaani kwako. Nyumba nyingi zinayo, ila imegeuzwa meza ya televisheni. Kama ni Singer, tafuta namba iliyopigwa kwenye kitako chake. Ikianza na herufi E, F au Y, kwa kawaida mashine hiyo imetoka Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekwisha, mashine ikitiwa mafuta inashona hadi leo. Mara nyingi kinachoikwamisha ni mafuta yaliyoganda, mkanda wa ngozi uliolegea, na vumbi la nyuzi lililojaa chini ya bamba la sindano. Kwa fundi anayejua kazi yake hiyo si kazi ya siku nzima. Mlipeni fundi huyo vizuri. Tunambembeleza apunguze elfu mbili, halafu tunashangaa kwa nini kijana wake hataki kurithi kazi.

Ikishaamka cherehani, lile shuka lililochakaa katikati halitupwi. Likate katikati kwa urefu, ugeuze vipande ili kingo za nje, ambazo bado ni imara, zikutane katikati, uziunganishe kwa mshono bapa, kisha ukunje na kupinda zile kingo mpya zilizochakaa. Umepata shuka la miaka mingine kadhaa. Bibi zetu wengi walifanya hivi bila kufundishwa na mtu wa mazingira.

Sasa niingie jikoni, maana shuka na vikombe bila harufu ya mkate havijakamilisha nyumba.

Nimechagua kusema juu ya mkate wa kumimina, ambao wengine wanauita mkate wa sinia, kwa sababu hautaki jiko la kisasa na hautaki ngano. Osha vikombe viwili vya mchele, uloweke usiku kucha. Asubuhi uchuje, uusage kwa tui zito la nazi la kikombe kimoja na nusu, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha hamira na iliki uliyoitwanga wewe mwenyewe. Saga mpaka ukipitisha rojo katikati ya vidole usisikie chenga. Funika kwa kile kipande cha kanga, uache uumuke mahali pa joto. Usiuache ukapitiliza, maana utachacha, na ukiuoka utanyanyuka kisha ukae. Ukishaumuka na kujaa vipovu, tia kikombe kimoja cha sukari na ute wa yai moja uliopigwa, ukoroge taratibu kwa mwiko.

Sufuria ipakwe samli na ipashwe moto kwanza. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Rojo likimiminwa kwenye sufuria baridi, mkate unashika chini na hautoki. Mimina, weka juu ya moto mdogo, usubiri. Vishimo vitaanza kufunguka juu ya uso wake, kwanza pembeni, kisha katikati. Vikishatapakaa na uso kukauka kidogo, funika kwa kifuniko cha bati na upandishe makaa juu, huku ukipunguza ya chini. Dakika chache tu zinaupa rangi ya asali. Uchome kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua. Subiri upoe kabla ya kukata. Najua kusubiri huko ni kugumu, watoto wakiwa wamejipanga mlangoni, lakini ukiukata wa moto unakandika.

Asiye na mkaa asikate tamaa. Chukua sufuria kubwa, tandaza ndani yake mchanga uliooshwa na kukaushwa wenye unene wa vidole viwili, ufunike, uuweke kwenye jiko la gesi kwa robo saa. Ukishashika moto, ingiza kopo au sufuria ndogo yenye rojo la keki, funika vizuri, punguza moto. Keki ya mayai manne inaiva hapo kwa kiasi cha dakika hamsini. Wapo wanaouza keki mitaani walioanzia kwenye sufuria ya mchanga. Njia hii ina faida nyingine pia: haitaki mkaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mimi ni mpenzi wa mkate wa makaa na sifichi, ila najua miti inayochomwa kwa ajili yake. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaobaki na mkaa ni hili: okeni pamoja. Nyumba tatu ziwashe jiko moja, mkate wa kwanza ukitoka wa pili uingie makaa yakiwa bado mekundu. Moto mmoja utatosha nyumba zote, na kina mama na kina baba watapata saa mbili za kukaa kibarazani bila kisingizio.

Nimesema kina baba kwa makusudi. Mkate wa boflo tunaoununua alfajiri unaokwa na wanaume, na hakuna anayewashangaa. Mvulana anayejua kukanda unga nyumbani kwao asiitwe majina. Mwiteni jikoni, mpeni mwiko.

Pwani tuna desturi ya kupelekeana sahani, na Ramadhani ndiyo inayoihifadhi zaidi. Kabla ya magharibi watoto wanakatiza vichochoro na sahani zilizofunikwa kawa: kaimati kutoka nyumba hii, mkate wa ufuta kutoka nyumba ile. Sahani ya jirani hairudi tupu. Inarudi na chochote kilichopo, hata kama ni ndizi mbivu tatu. Desturi hii inakufa kwenye mitaa mipya yenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Kule mtu anaweza kukaa miaka bila kujua jina la anayeishi mkabala naye. Tusingoje Ramadhani wala Krismasi kuifufua. Jumamosi moja kwa mwezi inatosha, saa kumi jioni, chai ya tangawizi na mkate uliooka mwenyewe, kwenye vile vikombe vyenye maua. Kimoja kikivunjika, na kivunjike. Kilitengenezwa kitumike.

Nisisitize jambo moja hapa, kwa sababu naona picha nyingi za sebule nzuri simuni na watu wanazitazama kwa unyonge. Raha ninayoisema haitaki kapeti la mamilioni. Nyumba ya vyumba viwili yenye pazia safi la mtumba, taa ya mwanga wa njano, mkeka, mto wa foronya ya kanga na harufu ya iliki ni nyumba ambayo mgeni hatamani kuondoka. Nimeziona nyumba kama hizo Tandika na Manzese. Na nimeingia katika nyumba kubwa ambazo hakuna anayekaa sebuleni.

Wapo wanaoweza kusaidia zaidi ya mtu mmoja mmoja. Vikundi vya kuweka na kukopa vinakutana kila wiki; mkutano mmoja kwa mwezi uwe wa kila mwanachama kuleta kitu asichokihitaji, kiuzwe au kibadilishwe palepale, kabla hakijafika jalalani. Wenyeviti wa mitaa wanaweza kutoa uwanja wa ofisi yao Jumamosi asubuhi kwa mafundi: fundi cherehani, fundi viatu, fundi redio, seremala, wakae pamoja ili watu walete vilivyoharibika. Kazi hiyo haitaki bajeti, inataka kivuli na tangazo. Walimu wa shule za msingi wamwite bibi mmoja wa mtaani aje aonyeshe kufuma kitambaa. Atakuja, tena kwa furaha, na watoto watamsikiliza kuliko tunavyodhania.

Na lipo la haraka kuliko yote. Mapishi ya mikate yetu mengi hayajaandikwa. Yamo mikononi mwa wazee wetu, na vipimo vyao ni kikombe fulani kilichomeguka mkono na kijiko fulani cha mbao. Bibi anapokwambia tia vikombe viwili, anamaanisha kikombe chake kile. Kwa hiyo ukienda kujifunza, kijaze kikombe hicho maji, uyamimine kwenye chupa yenye alama za mililita, uandike ni kiasi gani. Andika na muda aliouacha unga uumuke, andika moto ulikuwaje, andika alichosema alipoonja. Mpige picha akimimina, kama ataridhia. Mkate wa mofa, ule wa mtama unaobandikwa ndani ya tanuri la udongo, tayari ni wachache wanaoujua kwa mikono yao. Wazee hao bado wapo. Wengi hawaombi malipo, wanaomba mtu wa kukaa naye jikoni. Nenda wiki hii, na uende na daftari.